Mto Mkubwa wa Kaskazini na Neno la Askofu

Msomaji mpenzi, fungua ramani ya Amerika, utazame upande wa juu kushoto, katika nchi ya Kanada. Utaona mto mrefu ambao haushuki kuelekea nchi za joto, bali unapanda ramani kwenda kaskazini mpaka unaingia katika bahari ya barafu. Wazungu wanauita Mackenzie. Wenyeji wake, watu wa taifa la Dene, wameuita tangu zamani Dehcho, maana yake mto mkubwa. Wainuvialuit, walio mwisho kabisa karibu na bahari, wanauita Kuukpak, na maana ni ile ile. Sisi watu wa Kongo hatuna haja ya kushangaa. Kule Kongo ya Chini wazee walisema Nzadi, yaani mto tu, na Wareno wakasikia Zaire. Anayekaa kando ya mto wake hahitaji kuutafutia jina la mtu.

Tuupime kwanza. Toka Ziwa Kubwa la Watumwa, ambamo mto unaanza kuitwa Mackenzie, mpaka baharini ni kilometri zaidi ya 1,700. Lakini maji yenyewe yametoka mbali kuliko hapo. Ukianzia chemchemi za mto Finlay katika milima ya magharibi, ukafuata mto Peace, kisha mto wa Watumwa, ukavuka lile ziwa na kushuka hadi pwani, utahesabu kilometri 4,240 hivi. Kongo yetu inafika karibu 4,700. Nchi yote inayomimina mvua na theluji yake ndani ya mto huu ni kilometri za mraba 1,800,000, ndiyo kusema robo tatu ya Jamhuri yetu yote. Lakini maji yake ni machache: kwa wastani meta za ujazo 10,000 hivi kila sekunde, na Kongo inamwaga zaidi ya 40,000. Kule mvua ni haba.

Jina hilo la Watumwa lisikudanganye. Hapakuwa na soko la watu pale kama Nyangwe. Ni Wakree, majirani wa kusini, waliowaita hivyo Wadene wa sehemu ile kwa dharau, na Wazungu wakaandika walivyosikia. Ziwa hilo lina kina cha meta 614, hakuna ziwa lenye kina zaidi katika Amerika yote ya Kaskazini. Upande wa kaskazini yake kuna jingine, Ziwa Kubwa la Dubu, lenye kilometri za mraba 31,000 hivi. Aliyesimama Kalemie akatazama Tanganyika anaweza kulifikiri, kwa maana kwa upana wa eneo yanakaribia kulingana. Ila hili la Dubu kwa sehemu kubwa ya mwaka limefunikwa barafu, na watu wanapita juu yake kwa miguu na kwa magari.

Na watu wenyewe ni wachache. Katika Wilaya za Kaskazini-Magharibi, ambazo ndizo zenye sehemu kubwa ya mto, mna watu 45,000 tu. Komini moja ya Lubumbashi ingewameza wote.

Sasa sikia jambo moja ambalo bila hilo huwezi kuelewa mto huu. Kwa kuwa unatoka kusini kwenda kaskazini, majira ya joto yanafika kwanza kwenye vyanzo, na mdomo unachelewa. Mwezi wa tano, mto Liard unaotoka milimani unavunja barafu yake na kuisukuma ndani ya mto mkubwa penye kijiji cha Fort Simpson. Lakini huko chini mto bado umefungwa kama mlango. Vipande vya barafu, vingine vikubwa kama nyumba, vinapandana na kuziba njia. Maji hayana pa kwenda, basi yanapanda kingo. Hivyo mwezi wa tano 2021 Fort Simpson na kijiji cha Jean Marie River viliingiliwa na maji, watu wakakimbizwa. Kwetu gharika inaletwa na mvua. Kule inaletwa na jua.

Mlango ukisha kufunguka, mto unakuwa njia kwa miezi minne hivi. Halafu unaganda tena na kuwa njia ya namna nyingine, ya mbwa na vigari vyao visivyo na magurudumu zamani, na ya malori leo. Katikati ya nyakati hizo mbili, barafu inapokuwa haibebi mtu wala haipitishi mtumbwi, kila mmoja anakaa alipo. Mpaka mwaka 2012 hapakuwa na daraja hata moja juu ya mto wenyewe. La kwanza lilifunguliwa mwaka huo karibu na Fort Providence, likapewa jina la Dehcho.

Mzungu aliyeacha jina lake juu ya maji haya ni Alexander Mackenzie, Mskoti, mfanya biashara ya ngozi za manyoya. Alitaka njia ya kufika bahari ya Pasifiki, akaamini kwamba mto huu ungempeleka huko. Tarehe 3 Juni 1789 aliondoka Fort Chipewyan kwa mitumbwi ya maganda ya mti. Mbele yake alikuwa kiongozi wa Kidene, Awgeenah, ambaye Waingereza walimwita Chifu Mwingereza kwa sababu ya biashara yake nao. Awgeenah ndiye aliyeleta nyama kwa wawindaji wake, ndiye aliyesema na watu wa kando ya mto. Mwezi wa saba wakafika mdomoni mwa mto, na bahari waliyoifikia haikuwa Pasifiki, ilikuwa bahari ya barafu. Wakarudi, safari yote siku 102.

Kosa hilo tunalijua sisi. Mwaka 1871 Livingstone alikaa Nyangwe akitazama Lualaba, akifikiri anatazama Nili. Stanley alipofika mwaka 1876 hakuthubutu kushuka kabla hajapatana na Tippu Tip ampe watu wa kumsindikiza. Mto ukampeleka Boma, si Misri. Vitabu vya shule vinasema Mackenzie aligundua Mackenzie na Stanley aligundua Kongo. Awgeenah na wale waliopiga makasia wangecheka.

Baada ya wafanya biashara wakaja mapadri. Walikuwa Oblati wa Maria Imakulata, shirika lile lile lililofanya kazi katika misioni za Ipamu na Idiofa katika Kongo yetu. Padri Henri Grollier alifika Fort Good Hope mwaka 1859, karibu sana na duara la Aktiki, mahali ambapo wakati wa baridi kali jua halionekani ila kidogo. Alikuwa mgonjwa wa kifua. Akafa huko mwaka 1864, na umri wake miaka 38. Aliyemfuata, Padri Émile Petitot, alijifunza lugha za Wadene, akaandika kamusi, akachora ramani za nchi ambayo hakuna Mzungu aliyeichora kabla yake, akapamba kanisa dogo la mbao kwa rangi, na linasimama mpaka sasa. Mwaka 1867 Masista wa Kijivu wakafika Fort Providence, wakafungua shule na nyumba ya mayatima.

Juu ya shule hizo lazima niseme, hata kama ni uchungu. Zilianza kwa huruma, lakini baadaye serikali na misioni zikakubaliana kuwatoa watoto kwa wazazi wao na kuwaweka bwenini miezi kumi au mwaka mzima, na wengi walikatazwa kusema lugha ya mama zao. Wengine walipigwa, wengine walitendewa mabaya zaidi, wengine hawakurudi. Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Kanada mwezi wa saba 2022, akaomba msamaha mbele yao. Msomaji asifikiri kwamba katika habari hii Kanisa ni lenye mikono safi siku zote. Ndiyo maana nataka kusimulia juu ya askofu mmoja.

Jina lake Gabriel Breynat, Mfaransa. Aliwekwa askofu wa nchi ya Mackenzie mwaka 1902, akabaki katika kazi hiyo mpaka 1943. Alisafiri kwa mbwa, kwa mtumbwi, mwishoni kwa ndege, hata watu wakamwita askofu wa ndege.

Mwaka 1920 mafuta ya petroli yalitoka ardhini mahali paitwapo Norman Wells, ukingoni mwa mto. Kabla ya hapo serikali ya Ottawa haikujali sana nchi hiyo. Miaka mingi wamisionari na wengine walikuwa wameomba ifanye mapatano na Wadene, iwasaidie katika njaa na magonjwa, na jibu likawa hapana. Mafuta yalipotoka, jibu likageuka upesi. Kiangazi cha 1921 mjumbe wa serikali, Henry Conroy, alishuka mto kwa mashua, kijiji kwa kijiji, toka Fort Providence mwezi wa sita mpaka chini. Alichukua karatasi ya mapatano, ambayo huitwa Mapatano ya 11. Karatasi hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa Ottawa, naye alikuwa amekatazwa kubadili neno.

Karatasi ilisema nini? Kwamba Wadene wanaachia serikali haki zao zote juu ya nchi, kilometri za mraba zaidi ya 900,000. Kila mtu atapewa dolari 12 mara ya kwanza na dolari 5 kila mwaka, chifu dolari 25. Wadene hawakusoma Kiingereza. Walichotaka kujua ni kimoja: tutaendelea kuwinda, kutega na kuvua kama baba zetu? Waliogopa kufungiwa. Katika vijiji kadhaa walikataa. Mjumbe akaahidi kwa mdomo kwamba hakuna atakayewazuia. Na kwa kuwa hawakumjua mjumbe, walimtazama askofu. Monsinyori Breynat alikuwa pale kwa ombi la serikali. Aliwaambia waamini ahadi ile. Wakaamini, wakatia alama zao.

Fikiri kidogo, msomaji. Karatasi ilisema jambo moja, mdomo ukasema jingine, na kati ya karatasi na mdomo palikuwa na neno la mtu wa Mungu.

Miaka iliyofuata wategaji Wazungu walimiminika kwa mashua na ndege, wanyama wakapungua. Ndipo serikali ikaanza kuweka sheria za kufunga uwindaji, na Mdene akajikuta ana hatia kwa kutafuta chakula. Kiangazi cha 1928 meli ya mizigo iitwayo Distributor ilishuka mto kama kila mwaka, na safari hii ilileta homa ya mafua. Kila ilipofunga kamba watu waliugua nyuma yake. Inakadiriwa kwamba zaidi ya mmoja katika kila kumi walikufa mwaka ule. Mto uliowaletea chumvi na risasi ukawaletea na kifo, kituo kwa kituo, kwa ratiba ya meli.

Hapa nataka kutoka njiani kidogo, kwa sababu habari inagusa Katanga. Mwaka 1930 mtafuta madini Gilbert LaBine aliona mawe ya radiumu ukingoni mwa Ziwa la Dubu. Wakati ule radiumu ya dunia ilikuwa karibu yote mikononi mwa Union Minière, kwa mawe ya Shinkolobwe, na bei ilipangwa nao. Mgodi wa Kanada ulipoanza, bei ikaanguka, mpaka mwaka 1938 makampuni hayo mawili yakapatana na kugawana soko. Kisha ikaja vita, na kilichotakiwa hakikuwa radiumu tena bali uraniumu. Mawe ya Shinkolobwe, na kwa sehemu ndogo mawe ya Ziwa la Dubu, yakaingia katika kazi ya bomu la atomu la mwaka 1945. Wachimbaji wa Katanga hawakuambiwa wanachimba nini. Wadene wa kijiji cha Deline, waliobeba magunia mabegani penye maporomoko ya mto wa Dubu, nao wanasema hawakuambiwa hatari yake. Wanaume wengi walikufa kwa kansa, watu wakakiita kijiji cha wajane. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulisema hauwezi kuthibitisha kwamba magunia ndiyo yaliyowaua. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1998, wajumbe sita wa Deline walikuwa wamekwenda mpaka Hiroshima kuwaomba radhi Wajapani kwa madini yaliyotoka katika nchi yao. Wabebaji waliomba radhi. Sijasikia kampuni yoyote iliyosafiri nao.

Turudi kwa askofu. Monsinyori Breynat aliona ahadi zinavunjwa, na kila mahali alipofika Wadene walimkumbusha: ni wewe uliyetuambia. Angeweza kunyamaza. Misioni ilipata msaada wa serikali kwa shule na hospitali, na anayepokea mkate hutafuna polepole. Akafanya kinyume. Mwaka 1936 na 1937 alikusanya ushuhuda wa watu waliokuwapo mwaka 1921, mapadri, wafanya biashara na wakalimani, wakaapa kwamba ahadi za uwindaji zilitolewa kweli. Yeye mwenyewe akaapa. Akaupeleka ushuhuda huo kwa serikali. Alipoona haitoshi, mwezi wa tano 1938 akachapisha makala kali katika gazeti la Toronto, akiita hali ya Wadene doa jeusi la Kanada.

Serikali haikubadilika sana. Askofu akastaafu mwaka 1943, akafa mwaka 1954. Mtu angesema kazi yake ilipotea. Lakini karatasi zilibaki kabatini.

Miaka kadhaa baadaye Mwoblati mwingine, Padri René Fumoleau, alizichimbua. Alikuwa amekaa na Wadene tangu 1953, wazee wakimsimulia juu ya mwaka 1921 mambo yasiyofanana na karatasi ya Ottawa. Akapekua hifadhi za misioni na za serikali, akaandika kitabu kikubwa juu ya Mapatano ya 8 na ya 11. Wakati huo huo, mwaka 1973, machifu 16 walikwenda mahakamani kudai nchi yao. Jaji William Morrow hakukaa mjini kuwangojea. Alisafiri kijiji kwa kijiji, akasikiliza wazee waliokuwa vijana mjumbe alipofika na mashua. Akaamua kwamba Wadene wana haki juu ya nchi, na kwamba kuna shaka kubwa kama waliwahi kuitoa. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ilitangua hukumu hiyo kwa sababu ya utaratibu wa kuandikisha madai. Juu ya haki yenyewe haikusema neno.

Na mto tena ukawa njia ya kitu kingine. Makampuni yalitaka kulaza bomba la gesi toka bahari ya barafu, bondeni kote mpaka kusini. Mwaka 1974 serikali ilimweka Jaji Thomas Berger achunguze. Naye alizunguka vijiji na miji 35, akasikiliza watu kama elfu moja, katika kumbi na makambi ya wavuvi. Redio ikatangaza kila jioni kwa lugha za wenyeji, na mzee wa deltani akasikia aliyosema mzee wa Fort Simpson. Fort Good Hope, penye kaburi la Padri Grollier, chifu kijana Frank T'Seleie alisimama mbele ya mkuu wa kampuni ya bomba, akamwambia usoni kwamba watu wake hawatakubali. Mwaka 1977 Berger alishauri bomba lingoje miaka kumi, kwanza mambo ya nchi yapatanishwe na wenye nchi. Bomba dogo la mafuta toka Norman Wells lilijengwa mwaka 1985. Lile kubwa la gesi lilirudishwa mezani mara nyingine, na mwisho wa 2017 makampuni yenyewe yakaliacha. Gwich'in walipata mapatano mapya ya nchi mwaka 1992, watu wa Sahtu mwaka uliofuata, na Deline wamekuwa na serikali yao wenyewe tangu 2016.

Wazee wa Fort Simpson wana kumbukumbu nyingine pia. Mwezi wa tisa 1984 maelfu walikusanyika pale, wengine wamesafiri siku nyingi kwa mashua, kumngojea Baba Mtakatifu Yohane Paulo II. Asubuhi ukungu ukafunika makutano ya mito yote miwili. Ndege ilizunguka, haikuweza kushuka, ikaenda Yellowknife. Papa akasema nao kwa redio tu, akaahidi kurudi. Ahadi nyingine! Unaweza kuwaza walivyotazamana. Tarehe 20 Septemba 1987 alirudi, akashuka, akasali pamoja nao, akatetea haki yao ya kujitawala na kuwa na nchi ya kutosha.

Siku hizi mto una shida mpya. Juu kabisa, kwenye mto Peace, bwawa la umeme liitwalo Bennett limezuia maji tangu mwisho wa miaka ya 1960, na mabwawa madogo ya asili karibu na Ziwa Athabasca, yaliyojazwa zamani na gharika ya barafu, mengi yamekauka. Udongo uliogandishwa tangu zama za kale unayeyuka, kingo zinaporomoka. Halafu ukaja ukame. Mwaka 2024 kina cha maji kilishuka hata mashua za mizigo zikashindwa kufika Norman Wells na Tulita majira yote. Mafuta ya kupashia nyumba moto na vyakula vikaletwa kwa ndege, na bei ikapanda nazo. Wazee walisimama juu ya mawe ambayo hawajapata kuyaona, katikati ya Dehcho.